Kumtafuta mla kaa pwani ya Unguja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayetaka kutenga siku moja kumtafuta mla kaa, awe wa mjini, wa shamba, au mgeni wetu anayejua Kiswahili. Mengi yanategemea maji kupwa na kujaa. Ukiwa huna muda wa kusoma yote, soma swali la siku na saa na lile la umbali wa kusimama.

Mla kaa ni ndege gani?

Ni ndege wa pwani mweupe, mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu kinachoelekea buluu, na mdomo mweusi mnene wenye ncha kali. Jina lake la kitaalamu ni Dromas ardeola. Urefu wake kutoka mdomo hadi mkia ni karibu sentimita 40. Wataalamu wamemweka katika familia yake peke yake, Dromadidae, na hakuna ndege mwingine aliyemo humo.

Chakula chake kikubwa ni kaa, na ukimtazama akila utaelewa kwa nini ana kichwa kikubwa vile. Hutembea polepole, husimama kabisa, kisha hukimbia hatua tatu nne na kudunga. Kaa mdogo humezwa mzima. Kaa mkubwa hupigwa chini na kutikiswa mpaka magando na miguu ing'oke, ndipo kiwiliwili kimezwe, na mara nyingi ndege hurudi kuokota miguu mmoja mmoja. Akiwa na windo kubwa, tazama juu na pembeni: shakwe akiwa karibu huja kujaribu kumpokonya.

Ni adimu kweli, au tunamkuza tu?

Duniani kote wanakadiriwa kuwa kati ya 60,000 na 80,000, na hajaingizwa katika makundi ya ndege walio hatarini kutoweka. Lakini wote hao wanategemea visiwa na fukwe chache za kuzalia, na kwetu ni mgeni wa msimu asiyetua kila ufuo. Mtu anaweza kuishi Unguja miaka mingi, akawaona sululu kila wiki, asimwone mla kaa hata mmoja, kwa sababu hakuwahi kufika kwenye pwani ya tope kwa saa inayofaa.

Mbona hatujawahi kuona kiota chake?

Kwa sababu hazalii hapa. Huzalia kati ya Aprili na Agosti katika Ghuba ya Uajemi, Omani, pwani na visiwa vya Bahari ya Shamu, na Somalia. Huko huzalia kwa makundi, na kila jozi huchimba shimo lake mchangani, shimo refu kupita mita moja. Ndani yake hutagwa yai moja jeupe, mara chache mawili. Joto la mchanga uliopigwa na jua husaidia kulitunza yai, kwa hiyo mzazi anaweza kuliacha kwa muda mrefu akaenda kutafuta chakula. Hakuna ndege mwingine wa jamii ya kitwitwi na sululu anayezalia shimoni namna hiyo. Kinda akitoka kwenye yai hawezi kwenda popote, hukaa shimoni akiletewa kaa mpaka apate nguvu.

Zingatia hilo la yai moja. Ndege anayelea kinda mmoja kwa mwaka akipotea hazibiki haraka, na ndiyo sababu tunasisitiza sana adabu ya pwani katika majibu yaliyo chini.

Niende mwezi gani?

Wanaanza kufika Agosti na Septemba, na wengi huondoka Machi na Aprili. Mimi ningechagua kati ya Novemba na katikati ya Machi. Vuli inaweza kukunyeshea, lakini mvua zake ni za kupita. Januari na Februari ni kaskazi: jua kali, mbingu safi, upepo wa mchana. Machi ina uzuri wake, kwa sababu wanakuwa wanakula kwa pupa wakijiandaa na safari ya kaskazini, na maji ya bamvua ya mwezi huo, yaani yanayojaa na kupwa kupita kawaida, ni miongoni mwa makubwa ya mwaka. Masika yakishashika, acha.

Baadhi ya vijana, ambao bado hawajafikia umri wa kuzaa, hubaki pwani zetu mwaka mzima. Kwa hiyo ukimwona mmoja Julai usidhani umekosea.

Niende siku gani, na saa ngapi?

Hapa ndipo siku yako inapopatikana au inapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Maji yakipwa sana, ndege hutawanyika wakifuata ukingo wa maji, na kwenye pwani zetu za tope huo unaweza kuwa mbali kilomita nzima au zaidi. Utaona nukta nyeupe zinazotetemeka kwenye mazigazi na utarudi na maumivu ya macho. Maji yakijaa kabisa, wanakuwa wameshahamia kwenye mafungu ya mchanga au nyuma ya mikoko usikofika. Unazozitaka ni saa mbili tatu za katikati, maji yanapoingia. Kila dakika chache tope la kulia linapungua, na ndege wanasogezwa upande wako bila wewe kuinua mguu.

Sasa fungua kalenda ya mwezi. Maji ya bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu. Katika siku hizo, kwa Unguja, maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 alasiri. Ukiwa umeshakaa pwani saa 6 mchana, una muda wa kutosha kuwaona wakija. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kiasi cha dakika 50, kwa hiyo siku mbili tatu baada ya bamvua utahitaji kukaa mpaka karibu na magharibi.

Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu. Tope haliachwi wazi sana wala halifunikwi vizuri, na ndege hawana sababu ya kusogea. Chagua siku nyingine. Kama huna nyingine, nenda asubuhi, kwani siku hizo maji hujaa karibu saa 4 asubuhi, na usitarajie makubwa.

Hesabu hii ni ya kupangia. Kabla ya kuondoka nyumbani tazama jedwali la maji la siku yenyewe, au muulize mvuvi. Mvuvi wa Chwaka au wa Unguja Ukuu atakwambia saa ya kupwa bila kutazama chochote.

Chwaka, Menai au Pemba?

Kwa mtu anayeanza, nasema Chwaka. Ghuba ya Chwaka ni ya maji mafupi, ina mikoko upande wa kusini, na maji yakipwa hufunua uwanda mpana wa mchanga, tope na majani ya baharini. Sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004. Kijiji cha Chwaka kiko upande wa magharibi wa ghuba, kikitazama mashariki. Maana yake ni kwamba asubuhi jua liko usoni mwako na ndege wote wanaonekana weusi, lakini mchana wa bamvua, wakati ule ule maji yanapoingia, jua linakuwa limeshapita nyuma yako na kila unyoya unaonekana. Maji na jua kukubaliana hivyo ni jambo la thamani kwa mtazamaji wa ndege.

Ghuba ya Menai, kusini magharibi, ni pana zaidi, na eneo lake la hifadhi lilianzishwa mwaka 1997. Ukienda kwa miguu, tafuta pwani za Unguja Ukuu na Uzi. Ukipanda mashua kwenda kwenye mafungu na visiwa vidogo, muulize nahodha mapema kuhusu ada ya hifadhi, na mkubaliane kabisa kwamba hatapeleka mashua kwenye fungu lenye ndege waliotua.

Pemba imekatwakatwa na ghuba na vijito vya mikoko, na pwani ya tope haikosekani. Kama ndiko kwenu, usipoteze nauli kuja Unguja kwa ajili ya ndege huyu. Anza na pwani unayoijua, uwaulize wanaochokoa pweza, na utumie hesabu ile ile ya maji.

Siku yenyewe inakwendaje?

Chukulia ni tarehe 15 ya mwezi. Toka mjini saa 3 asubuhi kwa daladala ya Chwaka, safari ya kiasi cha kilomita 30 kupitia Dunga. Kabla hujashuka muulize utingo gari ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi, kwa sababu hizo haziko mpaka usiku.

Ukifika, maji yako karibu na kupwa. Usikimbilie tope. Pita bandarini, salimia, tazama samaki walioletwa, kunywa chai. Huo ndio wakati wa kuwaona kina mama wakirudi na vikapu vya kombe na vijana wakitoka na ndoo zao. Waulize kwa upole: leo mmewaona wale weupe wenye mgongo mweusi, wenye kelele? Mtu aliyeshinda ameinama pwani tangu asubuhi ameshaona mengi ambayo darubini yako haitaona.

Swali adhuhuri, kula, halafu tafuta kivuli kwenye ukingo wa pwani na ukae chini. Kukaa ni kazi. Mara ya kwanza watafika kitwitwi wadogo, wakikimbia mbele ya maji. Kisha sululu, mmoja mmoja. Mla kaa mara nyingi huja kwa kundi, na mara nyingi utawasikia kabla hujawaona: wana sauti kali za kupokezana, na kundi likitua hapanyamazi. Wakishatua, acha kuzungumza, usisimame, tazama. Karibu saa 9 na nusu tope limekwisha na wanaondoka wenyewe kwenda kupumzika. Siku yako imekamilika hapo, na gari bado zipo.

Lazima nimwone sheha (mkuu wa eneo)?

Ukiwa peke yako au wawili, salamu nzuri bandarini zinatosha. Mkiwa kundi, au mkibeba vifaa vikubwa vya kupigia picha, mpitieni sheha au mtume mtu mapema. Pwani ni shamba la watu. Mle mna mitego, nyuzio za kuvulia, na sehemu nyingine mwani uliofungwa kwenye kamba, na mwenye mali ana haki ya kujua ni nani anayepita.

Na salamu zisiwe za kukimbia. "Shikamoo mzee" kwa mzee anayeshona nyavu, "Hamjambo mabibi, poleni na kazi" kwa kina mama. Ukitaka kumpiga mtu picha, omba kwanza, na akikataa iishie hapo.

Nahitaji darubini ya aina gani?

Ya mikono miwili iliyoandikwa 8x42 ndiyo ningekwambia ununue au uazime. Namba 8 ni mara ngapi inakuza, na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ya 10x42 inakuza zaidi, lakini hutikisika mkononi, na saa 7 mchana mazigazi hukuzwa pamoja na ndege. Kama kikundi chenu kina teleskopu moja ya kusimamisha kwa miguu mitatu, isimamisheni kwa kimo cha chini, watu wakae, na kila mmoja apewe zamu.

Bila darubini? Nenda hivyo hivyo. Kwa maji yanayoingia na uvumilivu, ndege mkubwa mweupe na mweusi anaonekana kwa macho.

Nitamtambuaje kwa mbali? Pwani imejaa ndege weupe.

Wanaochanganya watu zaidi ni yangeyange, shakwe na buabua.

Anza na shingo. Yangeyange ana shingo ndefu ya kupinda na mdomo mwembamba, na mwili wake wote ni wa rangi moja. Mla kaa akisimama, kichwa kinakaa karibu na mabega na anaonekana amejikunyata. Halafu tazama miguu: shakwe na buabua wana miguu mifupi, matumbo yao karibu yaguse mchanga, wakati mla kaa amesimama juu. Kisha mgongo. Weusi wake ni kama koti lililovaliwa juu ya kanzu, una mipaka safi, na unaonekana hata pale mdomo usipoonekana.

Akiruka, miguu hupita nyuma ya mkia na mabawa yana weusi mwingi kwenye manyoya ya kurukia. Kundi huruka chini chini juu ya maji, mara nyingi kwa mstari.

Lakini alama ninayoiamini kuliko zote ni mwendo. Yangeyange hunyatia na kusubiri. Sululu hutembea akichoma mdomo wake uliopinda kwenye matundu. Mla kaa hukimbia, husimama, hukimbia, husimama, kichwa kikiwa juu, macho chini. Ukishaujua mwendo huo, utamtoa katikati ya ndege mia hata mazigazi yakiwa yamefuta rangi zote.

Nimeona mmoja wa kijivu anayemfuata mwingine huku akilia. Ni ndege tofauti?

Huyo ni mtoto wake. Vijana wana kijivu mahali ambapo wakubwa wana weusi, na utosi wao una michirizi. Jambo la ajabu na la kupendeza ni kwamba mla kaa huendelea kumlisha mtoto hata baada ya safari ya kutoka huko alikozaliwa, na kuomba chakula huko huendelea kwa miezi. Tazama vizuri: mtoto hujiinamisha mbele ya mzazi, analia bila kukoma, na mzazi anakuja na kaa aliyekwisha kuondolewa magando. Ukiona hilo, baki hapo hapo, hata kama mbali kuna kundi kubwa zaidi.

Nisogee mpaka wapi?

Mpaka pale ndege anapoendelea na shughuli yake kana kwamba haupo. Sitakupa mita, kwa sababu kila kundi na kila siku ina umbali wake. Nitakupa dalili. Ndege akiacha kula na kuinua kichwa, umefika. Wakianza kusogeleana na kutembea wote upande mmoja, umepita. Rudi nyuma hatua kadhaa, taratibu, ukae chini. Usingoje waruke ndipo ujue.

Sababu si ya heshima tu. Ndege hawa wana saa chache za kula kila maji yanapopwa, na hula usiku pia kwa sababu mchana hautoshi. Kumwinua kundini ni kumpokonya muda huo na kumtumisha nguvu alizokusanya. Machi, anapojiandaa kuvuka bahari kurudi kaskazini, nguvu hiyo ndiyo safari yenyewe. Na maji yakijaa, fungu dogo lililobaki ndiyo mahali pekee pa kupumzika, ukimtoa hapo hana pengine.

Utaona jambo moja pwani: mama aliyeinama akichokoa kombe anaweza kuwa karibu na ndege kuliko wewe utakavyoweza kamwe. Anasogea polepole, hana haja nao, hawatazami. Mtu anayekuja amesimama wima, moja kwa moja, macho yamewakazia, ndege humchukulia kuwa mwindaji. Kwa hiyo usiende moja kwa moja. Pita kwa upande, simama, kaa, na uwaache wao waamue.

Naweza kurusha droni? Na picha za kawaida je?

Droni hapana. Mbali na vibali vyake, ndege wa pwani huiona kama mwewe, na kundi zima litaondoka ghubani. Kamera yenye lenzi ndefu ni sawa ukiwa umekaa chini. Usimtume mtoto akawarushe ili upate picha ya mabawa. Nimeshuhudia hilo likifanywa na watu wazima, na liliniumiza sana.

Pwani yenyewe ina hatari?

Ina tatu za kuzingatia. Ya kwanza ni maji. Kwenye uwanda mpana hayaji mbele yako peke yake, hupitia mikondo na kukuzunguka nyuma, na ukiwa umezama kwenye darubini hujui. Maji yakigeuka, uwe tayari uko ukingoni. Ya pili ni miguu: vaa viatu vya plastiki vinavyokaza, ndara zitabaki topeni, na miguu mitupu itakutana na chaza, miba au samaki aitwaye taa aliyejifukia mchangani. Burura miguu unapopita kwenye maji mafupi, taa huondoka akisikia. Ya tatu ni jua. Kofia, maji ya kunywa ya kutosha, na kanga au shuka ya kujifunika mabega.

Mimi ni mwanamke, naweza kwenda peke yangu?

Pwani ya tope ni mahali ambapo wanawake wapo kila siku, na utapokewa vyema. Buibui refu litakusumbua kwenye tope, dera fupi kiasi na suruali ndani ni rahisi zaidi, na kanga ya ziada haikosi kazi. Hata hivyo, kwa yeyote yule, wawili ni bora kuliko mmoja, kwa sababu ya maji.

Ramadhani inawezekana?

Inawezekana, lakini mchana kutwa juani bila maji ni mzigo. Kama unafunga, chagua siku chache kabla ya maji mafu kwisha, wakati maji yanajaa asubuhi, na urudi mapema, au uahirishe hadi baada ya Idi. Kama hufungi, usile wala kunywa mbele ya watu kijijini.

Watoto waje?

Waje. Watoto wa kuanzia miaka saba hivi huwaona kaa kabla yako, na kaa ndio mlango wa habari hii. Wape kazi ya kuhesabu kitwitwi.

Nisipomwona?

Inatokea, na hutarudi mikono mitupu. Kwenye tope hilo hilo tafuta kitwitwi mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda juu na miguu ya manjano, Xenus cinereus, anayekimbiza kaa wadogo kwa fujo. Tafuta kitwitwi mkubwa wa kijivu, Pluvialis squatarola, anayesimama peke yake mbali na wenzake, na kitwitwi mdogo mwenye mdomo uliopinda chini, Calidris ferruginea. Hawa wawili wa mwisho watu wengi huwapita bila kuwatazama, na mwaka 2024 wote walipandishwa kwenye orodha ya kimataifa na kuwekwa katika kundi la walio hatarini kutoweka, kwa sababu idadi yao inashuka. Kwa hiyo yule wa kijivu uliyempa mgongo ukimtafuta mla kaa anaweza kuwa anahitaji macho yako kuliko mla kaa mwenyewe.

Na wakati wa kusi, hakuna cha kutafuta?

Kuna. Kati ya Mei na Oktoba huja Afrika Mashariki kulasitara mdogo kutoka Madagaska, Ardeola idae, ambaye kweli yuko hatarini kutoweka. Huyu si wa tope la bahari sana. Mtafute kwenye mabonde ya mpunga, mabwawa na vijito, na umchunguze kwa makini, kwa sababu ana ndugu anayefanana naye mno akiwa kwenye manyoya ya kawaida.

Nimeona ndege mwenye pete mguuni. Nifanye nini?

Andika mara moja: mguu upi, juu au chini ya goti, rangi zote kwa mpangilio wa kutoka juu, na herufi au namba zozote. Piga picha hata ikiwa mbaya. Usijaribu kumkamata. Pete moja iliyosomwa vizuri Chwaka inaweza kuonyesha ndege alizalia kisiwa gani.

Niandike nini, na nipeleke wapi?

Tarehe, mahali, saa uliyoanza na uliyomaliza, hali ya maji, idadi ya kila ndege, na wangapi kati ya mla kaa ni watoto. Unaweza kuingiza kwenye programu ya eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002 na haina malipo, ukiwa hata na simu ya kawaida yenye intaneti. Kila Januari pia hufanyika sensa ya ndege wa majini katika nchi nyingi duniani, na wanaohesabu Zanzibar daima wanahitaji watu wenye uvumilivu wa kukaa juani.

Na kama ulikaa Chwaka toka saa 6 mpaka saa 10 kwa maji ya bamvua na hukumwona hata mmoja, andika hivyo hivyo: mla kaa, sifuri. Sifuri iliyoandikwa pamoja na saa na hali ya maji ni taarifa kamili, na bila hizo hatutajua siku wakianza kupungua.